Ziwa Kilunda Linashuka

Atuganile alikuwa bado anasugua sufuria aliyochemshia viazi vya wageni aliposikia buti za mumewe uani. Alidhani mtu kasahau kitu. Wanaokwenda Ziwa Kilunda kuvua trauti huondoka Kawetele alfajiri, huingia msituni, hupanda mpaka magoti yanaanza kulalamika, na hawarudi kabla ya jioni. Sasa umande ulikuwa haujakauka kwenye migomba, na pale mlangoni alisimama Hosea na wageni wake wawili, mume na mke wenye mvi, fimbo za kuvulia begani na mfuko wa samaki umejaa. Viazi walivyofungiwa walikuwa hawajavigusa.

“Mbona mapema, baba Atupokile?”

“Ziwa limeshuka.”

“Limeshuka maji au limeshuka mlima?”

“Mlima,” alisema Hosea, akakaa kwenye kigoda avue buti. “Lipo chini ya ile mianzi. Tumelikuta hapo.”

Atuganile akapokea viazi, akaviweka kabatini vifae kwa chakula cha mchana. Wageni walikuwa na furaha. Yule mama alisema safari ya namna hiyo ndiyo inayomfaa mtu wa umri wake, na wakaahidi kuwaambia rafiki zao. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kuhusu maziwa hawakusema kitu.

Alirudi kwenye sufuria yake, akaisugua kwa majivu mahali palepale alipokwisha kusugua. Hofu yake ilikuwa na sababu. Alijua ziwa lile lina nini ndani yake.

Lilikuwa na Ambindwile.

Ambindwile alikuwa mpagazi wa Hosea, kijana wa kulekule Kawetele, nyumba ya mwisho bondeni. Mwaka uliopita, Pasaka ikikaribia, ndoano ya mgeni mmoja ilinasa kwenye gogo mbali kidogo na ukingo. Ilikuwa ndoano ya manyoya, imefungwa kwa mkono, na mgeni aliipenda. Hosea akamwambia Ambindwile aingie akaitoe. Watu wa mlimani wanajua mvua, hawajui kuogelea. Ambindwile aliingia kwa kuwa aliyemtuma alikuwa mkubwa wake. Alifika kwenye gogo, akainasua ndoano, akaiinua juu wote waione, kisha akazama. Walingoja. Hakuibuka.

Kuvua kule bila kibali ni marufuku, na Hosea hakuwa na kibali. Kwa hiyo wageni waliambiwa wapande gari waende zao, na mama yake Ambindwile akaambiwa kwamba mwanawe amekwenda Chunya kuchimba dhahabu. Vijana huenda Chunya. Wengine hupiga simu, wengine hawapigi.

Hosea alimsimulia mkewe yote jioni ileile wakila, kwa sauti ya mtu anayeeleza viazi vimeuzwaje mnadani. Alipomaliza akasema maji yakimwagika hayazoleki, akaomba chumvi. Atuganile akampa chumvi. Mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini hakummwagia mboga usoni, na jibu lilikuwa limelala chumba cha pili: Atupokile, binti yao, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Baba akifungwa, mtoto atasomeshwa na nani? Ndivyo alivyojiambia, na mtu akijiambia jambo kila siku huishia kuliamini.

Ziwa halikuja moja kwa moja. Lilipitia kwanza upande wa Isongole, kama mtu asiyetaka ijulikane anakokwenda. Lilikuwa linasogea ukungu ukishuka, na ukungu ukiinuka lilikuwa limeshakaa mahali pengine, na matete yake, na vyura wake, na ubaridi wake. Mkulima mmoja, Jotham, alilalamika kwamba limemkalia juu ya matuta. Lilipoondoka, matuta yalikuwa makavu na viazi havikuoza. Vilikuwa baridi tu, na hata vikichemshwa vilitoka jikoni vikiwa baridi. Jotham aliviuza hivyohivyo, na walionunua walisema kwa kukaanga havina shida.

Mkutano wa kijiji uliitwa. Swali kubwa lilikuwa kama ushuru wa uvuvi bado ni wa msitu au sasa ni wa kijiji. Mzee mmoja wa Masoko, aliyekuwa amekuja kuwasalimia wakwe zake, alisema kwao ziwa lipo tangu enzi za Mjerumani na halijawahi kutoka hata siku moja. Pengine, aliongeza, watu wa huku hawajui kulea ziwa. Watu wakacheka. Ikapitishwa kwamba watoto wasilisogelee likiwa linatembea. Hosea alikuwa benchi la nyuma, naye akacheka na wenzake.

Kazi yake ilikuwa inanawiri. Wazee wa kizungu ambao zamani wasingeweza kupanda Kilunda sasa walishukia barabarani, wakatembea kidogo kwenye matope, wakavua mpaka mikono ikachoka. Nyumbani lakini alianza kulala amekaa, mgongo ukutani na buti mguuni. Mkewe alipomuuliza alisema ni mbu. Tukuyu, kwenye baridi ile, mbu.

Atuganile akaamua kwenda kuliona mwenyewe. Lugano wa bodaboda alimkuta anapanda kilima kwa miguu.

“Shemeji, panda basi. Leo lipo hapo kwenye chai tu, sasa hivi tunafika.”

Lilikuwa limetulia katikati ya shamba la chai, jeusi, na wachumaji walikuwa wanalizunguka na vikapu vyao mgongoni wakichuma pembeni. Atuganile akainama ukingoni. Trauti walikuwa wengi, wanene, wenye madoa ubavuni, na wote walikuwa wamesimama ndani ya maji bila kuogelea, vichwa upande mmoja, kama waumini wanaomngoja mchungaji aingie.

“Wako hivyo tangu lianze kushuka,” Lugano alisema. “Ndio maana wanavulika kirahisi. Hata ndoano ikipita jichoni hawageuki.”

Atuganile aliinua uso afuate walikokuwa wanaangalia. Aliona chai, miti ya kivuli, barabara, migomba, na chini yake bati jekundu lililoanza kuchubuka kwenye kona. Lilikuwa bati la nyumba yake. Alirudi kwa miguu kwa sababu hakuamini kama angeweza kujishikilia kwenye pikipiki.

Jioni ile hakungoja chakula kiive.

“Linakuja kwetu, baba Atupokile.”

“Ziwa halina kwao.”

“Kamwambie mama yake.”

Hosea aliangalia moto. “Nimwambie nini? Nikimwambia atapiga yowe, akipiga yowe watu wanajaa, wakijaa anakuja polisi. Halafu wewe na mtoto mtakula nini?”

“Tutakula tulichokula kabla hujaanza kuvua.”

“Basi nenda wewe ukamwambie,” alisema Hosea. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba mwenziwe afanye asichoweza yeye, na papo hapo anaomba asifanye.

Jumapili, ibada ilipotoka, Mama Tusajigwe, mama yake Ambindwile, alipita kwao kama ilivyokuwa desturi yake tangu mwanawe aondoke. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye hatua za haraka. Alibeba mkungu wa ndizi kichwani, maana haendi kwa watu mikono mitupu.

“Ndaga, mwanangu. Chunya wanasemaje?”

Atuganile alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fupi, la kweli. Mlangoni Atupokile alikuwa anamvisha mdoli wa gunzi la mahindi.

“Kimya bado, mama,” alisema.

“Mtandao kule mbaya fijo,” alisema Mama Tusajigwe, akashusha mkungu. “Na ziwa nasikia mnalo jirani. Mungu awatunze.”

Halikukawia. Lilifika mchana wa Alhamisi baada ya mvua, mbele ya macho ya watu. Kwanza kuku waliacha kudonoa. Kisha ukungu ukajaa nyuma ya choo, na ndani ya ukungu ule Atuganile akasikia matete yanasuguana. Alimnyakua Atupokile, akamsimamisha juu ya meza ya jikoni, akamkumbatia miguu. Mtoto aliuliza kama ziwa linakuja kula. Atuganile akasema hapana, halafu akasali kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka.

Hosea alikuwa kwenye mlango wa mbele. Ziwa lilipita juu ya bustani ya mboga, likafunika kigoda, likaja mpaka kwenye ngazi ya mlango na kusimama. Maji yalikuwa yanagusa ncha za buti zake. Ndani yake trauti walikuwa wamejipanga safu kwa safu, mamia yao, wote wanamtazama. Atuganile aliuona mgongo wa mumewe tu. Alingoja aseme. Alitaka aseme kuliko alivyotaka kitu chochote tangu azaliwe. Hata kama ni kwa maji, hata kama hakuna atakayesikia, alitaje tu jina la yule kijana. Hosea alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mvuke.

Mvua ikaanza tena, nyembamba, ikaacha.

Ndipo ziwa likageuka. Halikuwa na haraka. Lilizunguka kona ya nyumba kwa uangalifu, kama mgeni aliyebisha hodi nyumba ya jirani kwa makosa na sasa ameonyeshwa njia. Likapita kati ya zizi na mparachichi bila kuangusha hata fito moja, likateremka bondeni. Samaki walikuwa wanaangalia palepale walipokuwa wanaangalia siku zote. Kutoka kule juu kwenye chai, bati jekundu na lile paa la mwisho bondeni, la kwa kina Ambindwile, viko kwenye mstari mmoja, na mtu mwenye hatia huliona paa lake kwanza.

Halikuwa limewafuata wao. Halikuwa na habari nao.

Atuganile alifurahi. Furaha ilimjaa mpaka akakaa sakafuni, akacheka, na mtoto juu ya meza naye akacheka bila kujua kwa nini. Kisha akajisikia anavyocheka, na akaogopa zaidi ya alivyoogopa maji. Hosea alikuwa ameketi kwenye ngazi anavua buti. Alisema kesho atapeleka mbao kule chini, watengeneze mahali pa wageni kusimamia.

Kwa Wanyakyusa mtu huzikwa kwao, pembeni ya nyumba, kwenye migomba, karibu na watu wake. Ziwa lilikwenda likakaa hapohapo, kwenye migomba ya Mama Tusajigwe, ukingo wake mmoja ukigusa kaburi la marehemu mumewe, na halikusogea tena. Trauti wakaacha kupanga vichwa. Wakaogelea ovyo, kila mmoja na lake, kama samaki wa mahali popote, na kuanzia siku hiyo kuwavua kukawa na kazi.

Jumamosi Atuganile alishuka na mtoto. Uani palikuwa na mbao mpya, na Hosea alikuwa anawaonyesha wageni wanne namna ya kurusha mshipi bila kunasa majani ya migomba. Mama Tusajigwe alikuwa amekaa kizingitini, anamenya ndizi, anawatazama kwa upole.

“Karibu, mwanangu. Umeona makubwa haya? Nilikuwa nateremka mpaka mtoni kwa maji na kiuno hiki. Sasa nanyoosha mkono tu.” Alikata ndizi, akaidondosha kwenye sufuria. “Ila nawaza, Ambindwile akirudi atapajuaje nyumbani? Aliacha migomba. Mwambie mume wako awaambie watu wa Chunya wamweleze mapema.”

Hosea alisikia. Alisema, bila kugeuka, kwamba atawaambia.

Atuganile aliangalia maji. Yalikuwa yametulia sana, na mahali pale karibu na kaburi yalikuwa yanang’aa kidogo kwa chini, kama mtu ameinua kitu kidogo ili kionekane. Machozi yalimtoka. Hakuyaita; yalishuka yenyewe, na sauti ikaanza kuyafuata, ile sauti ya wanawake ya kwenye kilio, ambayo ikishatoka kinywani mwa mmoja hudakwa na nyumba ya pili na ya tatu mpaka bonde zima linajua.

Mama Tusajigwe aliacha kisu. Alinyanyuka haraka, akamfunika Atuganile mdomo kwa kiganja chenye utomvu wa ndizi.

“Nyamaza!” alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana ana hofu. “Unataka kuniulia mtoto? Aliye hai haliliwi, mwanangu. Ukimlilia, unamzika. Kwangu hapa hakuna msiba.”

Wageni waligeuka kutazama. Hosea naye aligeuka, uso umemwishia damu, akangoja. Atuganile aliyasikia mapigo ya kiganja cha mama yule kwenye midomo. Angeweza kukiondoa. Kilikuwa kiganja cha mwanamke mzee, kisicho na nguvu.

Alitikisa kichwa kukubali. Kiganja kikaondoka.

“Nisamehe, mama,” alisema.

“Yameisha. Njoo unisaidie, hizi ndizi zinataka maji.”

Wakachukua ndoo, wakaenda ukingoni, Mama Tusajigwe mbele, Atuganile nyuma. Mama aliinama, akasukuma matete kwa mkono, akachota pale karibu na kaburi, mahali ambapo maji, alisema, ni matamu kuliko kwingine kote. Kisha wakaingia ndani, wakapika, wakala.