Wasafiri Sita

Mirindi hakuwa na undugu na wanaanga wa Marekani, lakini kila chombo chao kilipotaka kuruka, alisimama mbele ya televisheni, pale sebuleni kwake Ingleburn, ukimbizini, akawasindikiza. Kwao Kivu msafiri haachwi aondoke hivi hivi. Yeye mwenyewe alitoka kule mbio, akikimbia vita, bila hata mtu wa kumshika mkono, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Basi alikunja kidole kimoja kwa kila msafiri, akamwombea, kisha akafuata mwingine. Mkewe, Katungu, alimcheka miaka mitatu mizima. "Baba Falone, hao wana serikali nzima ya kuwaombea."

Mwaka 2010 ini likamshinda. Daktari alimwambia Katungu pembeni kwamba yamebaki majuma machache. Mirindi naye alikuwa na haja moja tu: kuisindikiza Discovery, chombo kilichokuwa kinakwenda safari yake ya mwisho kabla ya kustaafishwa. Novemba ikaahirishwa. Leo gesi inavuja, kesho mvua, halafu nyufa. Desemba wakasema mpaka Februari.

Februari! Katungu aliyatazama macho ya mumewe, manjano kabisa, akajua maji yamezidi unga. Akaacha kuwasha televisheni ili habari zisimfikie. Mgonjwa akabaki na redio yake ndogo sikioni, akisinzia.

Jumapili, baada ya kanisa, Katungu akatia diski ambayo binti yao Falone alirekodi Aprili, Discovery hiyo hiyo ikiruka. Falone akamnong'oneza kwa Kiingereza kwamba ile ni ya zamani. Mama akamkata jicho.

"Baba Falone, amka. Ndiyo wanaondoka sasa."

Wakapita wasafiri saba, nguo za rangi ya chungwa, wakipunga mikono. Mirindi akakunja vidole vitano, akakunja cha sita kwenye mkono wa pili, akakoma.

"Umesahau mmoja."

"Wako sita, Mama Falone."

Katungu akadhani ugonjwa umemvurugia hesabu, akaumia. Bado alikuwa anakifikiria kile kidole cha saba mumewe alipomshika mkono. "Asante," Mirindi alisema. "Nawe ubaki salama." Katungu alimwambia alale, atapona. Jumatano akafariki.

Ijumaa moja asubuhi, mwishoni mwa Februari, Katungu alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, akimlisha bibi mmoja uji. Televisheni ilikuwa inaonyesha Discovery, safari hii kweli. Wakaonyeshwa wasafiri wakitoka. Akawahesabu. Akawahesabu tena. Sita.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikomea hapo. Akaikumbuka ile redio. Mirindi alijua kila kitu, hata kwamba anadanganywa, na bado alishukuru. Alimuaga mkewe vizuri, na mkewe akamjibu habari za kupona. Kwa mara ya pili aliondoka bila kusindikizwa, na safari hii hapakuwa na vita vya kulaumiwa.

Moto ulipowaka chini ya chombo, Katungu aliweka kijiko kwenye sahani, akasimama. Akakunja vidole sita, kimoja kimoja, akiomba. Kisha akakunja cha saba.

"Safari njema, Baba Falone," alisema, miezi miwili baadaye.