Bomba la Ijumaa

Meya alipotangaza wiki ya kuwatembelea wananchi, mtu wa kwanza kutokwa jasho alikuwa dereva wa boza la maji la halmashauri. Wakubwa wakisema wanakwenda kuwaona watu, ujue kuna mtu ametangulia kuwaweka hao watu sawa ili waonekane. Meya alifika kila mahali saa nne asubuhi, suti imenyooka, tabasamu tayari. Dereva alikuwa ameshafika tangu saa kumi na mbili, akinyunyiza barabara ili vumbi lisiguse kiatu cha mheshimiwa. Wenzake karakana walimwita Mvua kwa utani, kwa kuwa popote alipopita palilowa, na kwa miaka kumi na saba jina hilo halikuwahi kumkera.

Jumatatu ilikuwa siku ya miti. Meya alipanda mche mmoja mbele ya shule ya msingi, akapigwa picha nao kama aliyeuzaa, na ile ishirini na tisa iliyobaki wakaipanda walimu. Mashimo hayakuhitaji kuchimbwa, yalikuwa yale yale ya mwaka jana. Miche ya mwaka jana ilikuwa imekaukia humo humo na iling'olewa asubuhi ile kabla wageni hawajafika. Mvua akamwagilia, akasaini kitabu cha safari, akaondoka.

Jumanne aliosha soko zima, na wauza mboga wakafukuzwa saa tatu ili wageni wapate pa kupita. Jumatano alijaza tangi la zahanati, na meya akafungua bomba la chumba cha kujifungulia, akanawa mikono, akapigiwa makofi. Muuguzi mkuu alimfuata Mvua hadi kwenye gari.

"Kaka, huwezi kukaa nalo hapa hata mpaka kesho?"

"Ratiba, dada yangu."

"Ratiba ya nani?"

Mvua akapanda garini. Kwa kawaida boza lile lilikuwa na ratiba nyingine kabisa: Jumanne na Jumamosi lilipeleka maji ya bure kwenye mitaa sita isiyo na bomba. Wiki hii Jumanne imeliwa na soko. Na mmoja kati ya mitaa ile sita ni mtaa wa dada yake.

Dada yake alikuwa dobi. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyeacha shule, akafua nguo za watu, akamlea mdogo wake mpaka akapata leseni ya udereva. Mikono yake ilikuwa imekwajuka kwa sabuni tangu ujana. Mlangoni pake yalisimama mapipa matatu ya buluu, na maisha yake yote yalikuwa mle: boza likija yanajaa, yakijaa nguo zinafuliwa, zikifuliwa jiko linawaka. Hata ovaroli za Mvua alizifua yeye, kila Alhamisi, bila kuambiwa asante.

Alhamisi hiyo, kabla hajaenda kwa dada yake, Mvua aliitwa na katibu wa meya. Katibu alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, macho mekundu kwa uchovu, mezani amezungukwa na mafungu ya utepe na mkasi mpya ambao ulikuwa bado na bei yake.

"Mzee wangu, kesho tunazindua bomba," akasema, akautaja mtaa wa dada yake.

"Bomba lipi? Bomba kubwa halijafika hata nusu ya njia."

"Ndiyo maana nimekuita. Mkandarasi katuangusha, na kadi za mwaliko zimeshagawiwa. Utaficha boza nyuma ya ukuta wa lile ghala bovu. Mafundi wamefukia mpira chini mpaka kwenye bomba. Nikikubip mara moja, unafungua. Nikikubip mara mbili, unafunga."

"Watu wataliona boza."

"Watajua limekuja kunyunyiza vumbi. Si ndiyo kazi yako wiki nzima?" Akaona uso wa mzee umebadilika, akalainisha sauti. "Usinitazame hivyo, baba. Mwezi ujao maji yatatoka yenyewe. Sisi tunayatanguliza kidogo tu. Ila mdomo wako ufunge, maana likivuja, mimi na wewe hatuna kazi."

Neno hilo, tunayatanguliza, alitembea nalo njia nzima. Lilikuwa neno zuri, na mtu mwenye hofu akipata neno zuri halitemi.

Alimkuta dada yake anapiga pasi gauni lake la sherehe. Uso ulikuwa unang'aa.

"Umesikia, mdogo wangu? Kamati ya mtaa imenichagua mimi. Mimi ndiye nitakayefungua bomba na meya, halafu niseme neno la shukrani."

"Nimesikia."

"Mbona umenuna? Au unaogopa kwamba sasa sitakuhitaji wewe na ligari lako?" Akacheka, akamnyang'anya mfuko wa ovaroli chafu. "Hizi nitazifua kesho kwa maji ya bomba. Ukizivaa utajiona mkurugenzi."

Kisha akasema jambo lililomkata Mvua maini. Mkwe wake, mke wa mwanawe anayeishi upande wa pili wa mji, alikuwa ameyaomba yale mapipa siku nyingi. Sasa atapewa mawili, anayafuata jioni hii na gari la kukodi. La tatu litatobolewa chini, lijazwe udongo, lipandwe maua, ili meya akipita aone mlango wa watu wastaarabu.

"Dada, usiharakishe," akasema Mvua.

"Nisiharakishe nini? Nimesubiri miaka mingapi?"

Pale ndipo pa kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, ingekwisha kabla pasi haijapoa. Lakini aliliwazia lile neno la katibu, akaiwazia kazi yake, akaitazama furaha iliyokuwa usoni kwa dada yake, akamwonea huruma. Huruma ya namna hiyo ni woga tu uliovaa nguo safi. Akaaga.

Ijumaa asubuhi alinyunyiza ule mtaa. Mlangoni kwa dada yake mapipa mawili hayapo, yameacha duara mbili za unyevu ardhini. La tatu limejaa udongo na maua mekundu, na vumbi la buluu la plastiki lililotoka kwenye matundu bado limezagaa chini. Akaegesha boza nyuma ya ukuta wa ghala, akafunga mpira, akakaa chini akishika koki kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Hakuona kitu, ila alisikia kila kitu. Alisikia meya akisema hakuja kutoa ahadi, amekuja kutoa maji. Alisikia makofi. Kisha sauti ya dada yake kwenye kipaza sauti, imekauka kidogo kwa wasiwasi. Alisema amefua nguo za mtaa huu miaka thelathini kwa maji ya kupimiwa. Alisema leo ndiyo mara ya kwanza atafua bila kuhesabu ndoo. Alisema mheshimiwa, Mungu akuweke.

Simu ikalia mara moja. Mvua akafungua.

Vigelegele vilipasuka upande wa pili wa ukuta, na boza likaanza kulia tumboni kama linavyolia linapomwaga. Alikaa pale nusu saa akilisikia linapungua. Watoto walikuwa wakipiga kelele, wanawake wakiimba. Kisha simu ikalia mara mbili, naye akafunga, na katibu akawatangazia watu kwamba mafundi wanakagua, maji yatarudi baadaye.

Akamfuata Mvua nyuma ya ukuta, na karatasi mkononi.

"Saini hapa, mzee. Wewe ndiye mtu pekee wa idara ya maji aliyekuwepo."

Safari hii alisoma. Karatasi ilisema kwamba siku hiyo, saa nne na dakika arobaini, maji yalitoka bombani kwa nguvu ya kutosha, na shahidi amejionea. Yote yalikuwa kweli. Yalitoka, tena kwa nguvu, na hakuna aliyejua hilo kuliko yeye. Akasaini.

Jumamosi alifika karakana mapema, akijipa moyo. Wiki ya meya ilikuwa imekwisha, leo anarudi kwenye kazi yake ya haki, na mtaa wa dada yake atauanza yeye mwenyewe. Karani akampa orodha ya mitaa isiyo na bomba. Ilikuwa na mitaa mitano.

"Umesahau mmoja," Mvua akasema.

Karani akavuta faili, akamwonyesha karatasi ya jana. "Huu? Una bomba. Sahihi ya nani hii?"

"Bomba lile halina maji."

"Basi andika barua, sema ulisaini uongo. Nitaipeleka mwenyewe." Karani hakuwa mtu mbaya, alisema kwa sauti ya chini. "Nikilituma boza kule, wakaguzi wataniuliza kwa nini napeleka maji kwenye maji. Mpaka bomba kubwa lifike, huo mtaa haumo."

"Litafika lini?"

"Mkandarasi kaondoa mitambo yake wiki iliyopita. Hukujua?"

Mvua alipakia maji, akatoka getini, na badala ya kwenda kwenye mtaa wa kwanza wa orodha akakata kushoto. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe. Alijikuta anaendesha kama mwizi, na huku anaiba alichokuwa akikitoa bure miaka yote.

Kwenye bomba jipya palikuwa na foleni ya ndoo tupu. Mzee mmoja alikuwa ameweka sikio kwenye bomba. Watu walipoliona boza walishangilia, wakakimbilia mapipa yao, maana wengine walikuwa bado hawajayatupa. Mvua akawafungulia, akaenda kwa dada yake.

Alikuwa amekaa kizingitini. Mbele yake marundo ya nguo za wateja, beseni mbili na ndoo moja. Pembeni lile pipa la maua, na maua yenyewe yameanza kuinama.

"Leta hizo beseni, dada. Leta na ndoo. Nitakujazia."

Hakuinuka. Alikuwa anautazama mpira wa boza, ule mpira wenye kiraka cha kijani alichokishona yeye mwenyewe zamani. Akautazama ukuta wa ghala. Mtaro mbichi ulikuwa umenyooka kutoka ukutani hadi kwenye bomba, na kwenye matope yake palikuwa na alama za matairi mawili mapana.

"Alhamisi ulipokuja hapa," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Waliniambia mwezi ujao—"

"Nimekuuliza ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea bei aliyoitarajia. "Nimemwombea yule mtu kwa Mungu mbele ya watu wote. Na wewe uko nyuma ya ukuta unanisikiliza."

"Nisamehe, dada. Chukua maji kwanza. Sijui kama nitaweza kuja tena."

"Nitayaweka wapi?"

Aliingia ndani. Mvua alibaki amesimama na ndoo ya dada yake mkononi, akisikia mwishoni mwa mtaa watu wanasukumana na maji yanapungua. Dada yake alirudi na ule mfuko wa Alhamisi. Ovaroli zilikuwa zimekunjwa vizuri, kona kwa kona, kama anavyozikunja siku zote, na zilikuwa chafu vile vile alivyozileta.

"Chukua," akasema. "Kuanzia leo kafulie huko."

Akamnyang'anya ndoo yake, akaingia, akafunga mlango. Mvua alikwenda kwenye gari, akaweka mfuko kitini, akasubiri mpaka boza likakauka.