Kalenda ya Citoyen Lukwebo

Desemba 1973, wiki mbili baada ya redio kutangaza kwamba maduka ya wageni yatapewa Wazaire, mwanamume mwenye abakosti ya kijivu, lile koti lisilovaliwa na tai, aliingia katika studio ya Philémon kule Kadutu, mtaa wa Bukavu. Mwaka mzima uliotangulia Philémon alikuwa amepiga nyuso tu, foto za vitambulisho vipya, kwa kuwa kila mtu alitakiwa kuacha jina la ubatizo. Yeye mwenyewe kwenye karatasi aliitwa Cirhuza. Nyumbani alibaki Philémon.

"Ni mimi citoyen Lukwebo," mgeni alisema, kwa kuwa sasa kila mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi. "Ninataka foto ya magazini sita ya barabara kubwa. Magaribi, mataa iwake, majina isomeke. Ni ya kalenda ya mwaka mupya."

Philémon alijiuliza ni kalenda gani ya maduka, tena ya mwaka mpya, ambayo katikati ya Desemba haijachapwa bado. Hakulitoa swali hilo mdomoni. Kwa miaka alikuwa ametamani kazi kama hii, akaogopa isije ikamponyoka.

Alisubiri jioni ya mawingu. Anga likiwa safi, jua linapozama hupiga vioo na maandishi hayasomeki. Mawingu yakitanda juu ya ziwa, vioo hutulia, na kwa dakika kama kumi na tano mwanga wa nje na taa za ndani hulingana nguvu. Jumanne yalitanda. Alisimamisha kamera mbele ya duka la vitambaa la Papa Yorgo, Mgiriki aliyekaa Bukavu tangu wakati wa Wabelgiji, akapiga foto ya kwanza.

Eulalie akatoka nje. Alikuwa muuzaji wa duka hilo kwa miaka kumi na mmoja, na Philémon ndiye aliyepiga picha za harusi yake.

"Tonton, unapiga foto ya nini?" aliuliza, akimwita mjomba kama siku zote.

"Ya kalenda."

"Kalenda ya nani?"

"Ya citoyen mumoja, Lukwebo."

"Anakaa wapi?"

Philémon hakujua. Eulalie alishusha sauti.

"Juzi mutu aliingia, ati anatafutia bibi yake kitambaa. Hakugusa hata kimoja. Aliuliza tu depo ya kuweka bitambaa iko wapi. Leo unakuja na kamera."

Hakungoja jibu. Aliingia ndani, na taa za dirishani zikazimika. Philémon alibeba kamera hadi kwenye farmasi. Nako wakazima kabla hajafungua miguu ya kamera. Kwa mwoka mikate vilevile. Habari ilikuwa inamtangulia. Nyuma ya kila kioo cheusi alihisi mtu anamtazama.

Kesho yake Lukwebo alikuja, akaichukua ile foto moja na kuisogeza karibu na macho. Hakuangalia jina la duka. Alifuatisha kwa kidole rafu zilizoonekana nyuma ya kioo.

"Huyu mulango wa nyuma, ni wa depo?"

"Sijui."

"Mara ya pili usimame karibu. Ninataka kuona bintu ya ndani."

"Ya kalenda?"

Lukwebo alitabasamu kidogo. "Citoyen, wewe piga tu."

"Batu banazima mataa," Philémon alisema. "Sitaweza tena."

Lukwebo alimwuliza jina lake la kitambulisho, akaliandika kwenye daftari dogo. Kisha akaondoka na foto mfukoni. Kwa wiki kadhaa, kila jeep iliyopunguza mwendo mbele ya studio Philémon aliidhania imemjia yeye.

Januari, Lukwebo alipewa duka la Papa Yorgo. Huenda jina lake lilikuwa kwenye orodha hata kabla ya foto, hakuna aliyejua. Lakini watu wa barabara kuu walikuwa wameona kamera. Waliacha kumsalimu Philémon, na wateja wakahamia studio nyingine. Papa Yorgo alivuka mto Ruzizi, mpaka wa nchi, na masanduku mawili. Kufikia Pasaka vitambaa vilikuwa vimekwisha na havikuagizwa vingine, na Eulalie akaachishwa kazi.

Mwezi wa tano aliingia studio na mtoto wake mchanga, wa kubatizwa. Alikaa kwenye kiti, akamzuia Philémon kwa mkono.

"Mbele ya kupiga, uniambie. Ulijua?"

Angeweza kukana. "Nilikuwa na mashaka tangu siku ya kwanza," alisema. "Sikuuliza, sababu nilipenda ile kazi."

Eulalie aliteremsha ule mkono. "Papa Yorgo aliniuliza kama ni wewe ulimuuzisha kwa Lukwebo. Nilimujibu ndiyo."

"Haukukosea sana."

Eulalie alimweka mtoto sawa mapajani. "Piga, basi. Lakini hii foto, mutu mwingine asiione."

Philémon alipiga moja tu. Eulalie aliporudi Jumamosi kuichukua, Philémon alimkabidhi pamoja na negativu yake, ile filamu ya kutolea nakala, imefungwa ndani ya karatasi.