Sato wa Kigongo

Kigongo haikuwa na dhahabu wala pamba ya kujivunia. Ilikuwa na jambo moja tu: ukifika hapo ulilazimika kusimama. Basi liliingia kivukoni likiwa tupu, abiria mkiwa mmeshuka na kusubiri chini, uwe padri, uwe mfanyabiashara wa ng'ombe. Na mtu akisubiri, njaa humkumbuka.

Bernadeta alilijua hilo kuliko waliolisomea. Kwa miaka kumi na tisa alipika kwa kusikiliza. Kivuko kikipiga honi kule Busisi, ng'ambo, alitumbukiza sato kwenye mafuta. Kikigusa gati la Kigongo, samaki ameiva, ugali unafuka moshi, na wasafiri wanashuka wakitafuta pa kukaa. Hakuwa na saa na hakuwahi kuihitaji.

Alikuwa amezaa wawili. Paulo, wa kwanza, alikwenda Geita kuchimba dhahabu, shimo likamfukia. Alirudishwa kwa kivuko hichohicho, na siku hiyo honi ilipolia Busisi, mama yake hakuweka samaki kwenye mafuta. Akabaki na Mihayo. Huyu, aliapa, kazi itamfuata hapahapa mlangoni.

Ndipo daraja la kupita juu ya ziwa likaanza kujengwa, na wajenzi, jamani, walikuwa wanakula! Mafundi, madereva, wapima ardhi, walijaa kibandani mwake hadi wengine wakala wamesimama. Bernadeta akaona Kigongo imeanza kuwa mji. Akauza shamba alilorithi ng'ambo, akajenga hoteli ya matofali, ukutani akaandikisha kwa rangi nyekundu: MIHAYO HOTELI.

Kaka yake, Shigela, alikuja kuangalia msingi akaguna.

"Bernadeta, hawa wanajenga njia ya kutupita. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Kaka, barabara ikiwa nzuri, watu huongezeka."

"Wataongezeka, ndiyo. Ila watasimama kwa sababu gani?"

Bernadeta aligeukia matofali yake. Alidhani kaka ana kijicho.

Siku daraja lilipofunguliwa, alilivuka kwa miguu pamoja na umati, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Tusimcheke. Nani hakufurahi? Wajawazito walikuwa wamejifungulia kwenye foleni ile, wagonjwa walikuwa wamekata roho wakingoja zamu. Daraja lilikuwa jema. Ubaya ni kwamba wema wake ulipita juu ya paa la Bernadeta bila kushuka.

Kivuko kikaondolewa. Honi ikanyamaza. Wauza ndizi walihama kwanza, kisha wa maji, kisha mwenye duka la dawa. Mihayo alikaa miezi mitatu kwenye hoteli yenye jina lake akifuta meza zisizochafuka. Asubuhi moja akamjia mama yake amevaa viatu.

"Mayu, nimepata kazi ya utingo kwenye lori. Geita na Mwanza."

Geita. Bernadeta alishika ukingo wa meza.

"Siingii shimoni, mayu. Napita tu. Na kila nikipita nitashuka kukuamkia."

Mwezi wa kwanza alishuka mara mbili, wa pili mara moja. Kutoka barabara kuu mpaka lilipokuwa gati ni mwendo, na dereva hakuwa na muda wa kungoja utingo aende kula kwa mama yake. Kisha Shigela akateleza ulimi kwamba alimkuta Mihayo Mwanza, Mabatini, akishusha magunia, na kwamba huwa yupo pale kila wiki. Kila wiki! Bernadeta alitoka nje, akalitazama daraja, akalia kama alivyomlilia Paulo. Yule angalau alipofika Kigongo alishushwa.

Alimpigia simu mwanawe, lakini hakumgombeza. Alimwambia tu, "Ukivuka uniambie."

Alhamisi mchana simu ikalia.

"Shikamoo, mayu. Tumefika Busisi, tunaingia darajani. Lori la bluu. Kaa pale gatini, nitakupungia!"

Mikono ilitangulia akili: akatumbukiza sato kwenye mafuta. Halafu akakimbia mpaka kwenye zege la gati lililoota majani, akavua kitenge cha begani. Juu kule magari yalikimbia. Likapita lori la bluu, akapunga. Likafuata la pili, la bluu pia, akapunga. Na la tatu. Kwa umbali ule, mtu hakuonekana hata mmoja.

Simu ikalia tena.

"Umeniona, mayu?"

"Nimekuona, mwanangu."

"Nilipunga kwa mikono miwili!"

"Nimeiona yote miwili. Umenenepa."

Mihayo akacheka, upepo ukaikata sauti yake. Dakika nne, na alishavuka.

Bernadeta alirudi jikoni. Sato alikuwa hajaiva bado.