Boti Iliyofungwa Kama Mbuzi

Kamanthe aliteremka bwawani jua likichungulia, mtoto wake Tracy mgongoni, akaitafuta boti asiione. Pale ilipokuwa jana jioni palikuwa na mstari mweupe tu wa ukingo wake juu ya maji, kama ubavu wa kitu kilichokufa. Hata kisiki alichoifungia kilikuwa kimezama. Akasimama. Tracy alimvuta sikio akitaka washuke wakacheze na mchanga.

Hapa Masinga halikuwa limeanguka tone. Mvua ilinyesha huko milimani, nao mto ukaja umejaa, bwawa likapanda usiku kucha bila kumwambia mtu. Boti ingepanda nalo, ndiyo kazi ya boti, lakini kamba ilikuwa fupi. Alikuwa ameifunga kama mbuzi. Ukimwachia mbuzi kamba ndefu ataingia kwa mahindi ya jirani, kwa hivyo unambana karibu na kigingi. Maji yalipopanda, pua ikabaki imeshikwa chini, bwawa likaingia kwa pua hadi boti ikajaa. Nyuma kukalemewa na injini, injini nayo ikazama yote.

Na leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Bartholomew, kaka mkubwa wa mumewe Antony, alikuja na pikipiki kutoka Wamunyu, anakochonga vinyago, kuitazama boti. Tangu Antony aende Katari kulinda mlango wa hoteli, Bartholomew alikuwa amesema mara moja tu, mbele ya wazee, bila kupaza sauti: "Shemeji, hii boti ni ya ndugu yangu. Siku ikikushinda, naiuza." Alikuwa akifika saa sita mchana, hakuchelewa kamwe. Boti ikienda, abiria wake wa sokoni wangetafuta mwingine wa kuwavusha, na ng'ambo ya maji, kwenye shule ya msingi ambako watu wazima husomea jioni, dawati lake lingekaliwa na mtu mwingine.

Alijifunga leso kiunoni vizuri, akaketisha mtoto mbali na maji, akaingia hadi mapajani. Kwanza akafungua kamba kisikini, kwa kupapasa. Kisha akachukua mtungi wa plastiki uliokatwa mdomo akaanza kuchota. Akachota, akamwaga, akachota, mpaka mabega yakaanza kulia. Maji ndani ya boti hayakushuka hata upana wa kidole.

"Unahamisha dam, Mama Tracy?"

Alikuwa Kavutha, amekuja na punda wawili na mitungi. Kavutha ndiye kiongozi wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Kamanthe hakuwa ameonekana mwethya tangu mwezi wa pili. Siku zao na siku za darasa ziligongana.

"Ilizama, mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama, na Kavutha alikuwa na umri wa mama yake.

"Naona. Na wasomi wenzako wako wapi? Si uwaite waje na vitabu wachote?"

Kamanthe akainama, akachota tena. Mashamba ya wenzake yalilimwa yeye akiwa darasani. Angewaita kwa mdomo gani?

Kavutha akafunga punda. Akamwinua Tracy, akamkung'uta mchanga makalioni, akaketi naye juu ya jiwe.

"Mtoto hajakosa mwethya," akasema. Kisha akaokota changarawe akaitupa majini, mbali kidogo na boti, ikalia chubwi. "Mimi sikusaidii. Hapa kuna mamba. Natupa mawe tu."

Akaendelea kuyatupa, moja, halafu jingine, na Tracy akicheka kila maji yaliporuka.

Kamanthe akaegemea boti akapumua. Ukingo ulikuwa sawa na uso wa bwawa. Kila alichomwaga kilikuwa kikirudi kwa mlango uleule. Ilibidi boti ipunguziwe mzigo. Akatoa jaketi za kuelea, akatoa sanduku la spana, akalitoa tangi la petroli lililokuwa limefungwa kifuniko vizuri, Mungu saidia. Halafu akaenda nyuma, maji kifuani, akapapasa skrubu mbili zinazobana injini. Moja ilifunguka. Ya pili akaipigapiga kwa jiwe huku akiiomba kama mtu.

Injini ilipoachia ilimvuta hadi akameza maji. Kwa mikono asingeiweza. Akapiga kelele, "Mwaitu, nirushie mukwa wako!" Kavutha akautoa mkanda wa ngozi kwenye mzigo wa punda, akaurusha. Kamanthe akauzungusha kwenye injini, akauweka kwenye paji la uso, akainamisha shingo kama anavyobeba maji tangu akiwa na miaka saba, akatoka nayo mgongoni hatua kwa hatua, ikimchuruzikia.

"Huyo sasa ni mtu wa kwetu," Kavutha akamwambia Tracy.

Boti ikiwa nyepesi akaishika ubavu, akaisukuma, akaiachia, akaisukuma. Maji ndani yakaanza kuyumba, yakaenda upande huu, yakarudi, na kila yalipofika ukingoni yakaruka nje kwa wingi kuliko mitungi kumi. Ukingo ukajitokeza kidole kimoja. Vidole viwili. Hapo ndipo akachota, na safari hii alichokimwaga hakikurudi. Jua lilipopanda juu ya vilima aliivuta pua hadi mchangani, akaikokota yote, akachomoa kizibo cha nyuma. Maji yaliyobaki yakatoka kwa tundu, uzi mwembamba, yasiyo na haraka.

Ikabaki injini. Akakausha vidole, akafungua simu, akatafuta ujumbe wa sauti wa mwaka jana aliokataa kuufuta. "Kama injini imekunywa maji usiiwashe, mpenzi. Toa plagi. Ilaze tundu likiangalia chini. Vuta kamba yake mpaka iteme yote. Mwaga yaliyo kwa kabureta. Ndani tia oili kidogo, ivute tena." Kisha Antony alikohoa, akacheka, akasema jina la mtoto. Maelezo yale Kamanthe aliyajua kwa moyo. Alikuwa ameufungua kwa ajili ya kile kikohozi. Jumapili tatu zilikuwa zimepita bila simu yake.

Akatoa plagi. Akavuta. Maji yakaruka na mchanga, yakamlowesha miguu. Akamwaga ya kabureta, akatia oili, akavuta tena, akarudisha plagi.

Saa sita pikipiki ikasikika. Bartholomew akashuka, kofia mkononi, akatazama boti mchangani, jaketi zimeanikwa vichakani, injini juu ya gunia.

"Unaosha, shemeji?"

Lilikuwa jibu zima, limeletwa tayari: angeitikia tu, asijue kwamba ilizama. Kavutha, aliyekuwa sasa akitupa mawe ya kumchekesha Tracy tu, akaacha.

"Ilizama, shemeji," Kamanthe akasema. "Nilifunga kamba fupi. Maji yakapanda."

"Fupi namna gani?"

Akamwonyesha kwa mkono, kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Bartholomew akautazama mkono ule. Akatazama kisiki kilichozama.

"Hivyo ndivyo mimi nilikuonyesha," akasema.

"Ndiyo."

"Kama mbuzi."

"Ndiyo, shemeji."

Akavua viatu. Kamanthe akarudisha kizibo, wakaisukuma boti majini, wakafunga injini na tangi, yeye akiogopa maji yalipofika magotini. "Iwashe," akasema, na ilikuwa wazi kwamba lile neno la mbele ya wazee bado lilisimama.

Kamanthe akavuta. Kimya. Akavuta tena. Mara ya saba ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Ya nane ikashika.

Bartholomew akaitikia kwa kichwa, akavaa viatu bila kukausha miguu. "Tutaonana mwisho wa mwezi," akasema, akaondoka. Hakuomba hata maji ya kunywa.

Kavutha akamrudishia mtoto na kuchukua mukwa wake. "Jumatano tuko kwa shamba la Nduku. Kuja mapema, saa ya darasa ikifika uende. Na hiyo mtungi yako uje nayo, mtaro wake umejaa matope."

Kisha na yeye akapanda mlima na punda zake, na ufuo ukabaki na Kamanthe na Tracy.

Alimrekodia Antony ujumbe, wa dakika moja, wa kisiki na injini na ndugu yake akiwa na miguu mitupu. Ulikwenda na alama moja ya kutumwa, haukupata ya pili, ya kumfikia.

Saa kumi na nusu alivuka, Tracy ameketi katikati ya miguu yake ndani ya jaketi kubwa kumliko, daftari la hesabu ndani ya karatasi ya nailoni. Ng'ambo alipima kamba kwa hatua, nane, akaifunga juu kabisa ya mteremko mahali pakavu. Boti ikarudi nyuma, ikazunguka, ikaelekea ilikotaka. Aliigeukia mara mbili akipanda kuelekea madarasani, rinda likiwa bado na maji, kisha akaitazama simu. Alama ilikuwa moja. Akaizima, maana mwalimu hapendi simu darasani.