Maji ya Sleti

Bi Zubeida hakumwamini Mwikali tangu siku ya kwanza, wala hakulificha jambo hilo. Mwanawe Awadh, karani wa forodhani, ndiye aliyemleta yule mwanamke nyumbani kwao Kibokoni, amfunze bintiye Afaf kuandika Kiingereza. Mtoto wa miaka sita! Tena mfunzaji mwenyewe Mkamba wa bara, Mkristo, kalelewa na wamisheni ng'ambo ya Kisauni.

"Umekosa nini wewe, hata uitie nyumba yangu moto kwa mkono wako?" alimuuliza mwanawe.

"Dunia imegeuka, mama. Forodhani Kiingereza, relini Kiingereza. Asiyejua ataachwa," Awadh akajibu, akavaa kofia yake akaenda zake kazini. Wanaume ndivyo walivyo. Wakishaileta balaa mpaka mlangoni, wana kazi ya kuwahi.

Na msimcheke Bi Zubeida. Mkewe Awadh alifariki Afaf angali ananyonya, na bibi huyu ndiye aliyemlea mtoto kwa maziwa ya mbuzi, roho mkononi. Hakuwa na mwingine wa kumpenda hivyo. Alichokiogopa alikijua vizuri: mwanamke yule atamgeuza mtoto moyo, atamgeuza dini, kisha siku moja atamshika mkono avuke naye ng'ambo, na Afaf asiwe wake tena.

Basi kila alasiri akitandika busati lake ukumbini, akijifanya achagua mchele, na macho hayabanduki kwa wawili wale.

"Masalkheri, Bi Zubeida," Mwikali husema akiingia.

"Masalkheri," hujibiwa kwa ncha ya ulimi.

Somo lilianza na sinia la mchanga. Mwikali akikishika kidole cha Afaf akikiongoza taratibu, huku akinong'ona, "Shusha. Zungusha. Inua." Mtoto akishazoea, hupewa sleti, kile kibao cheusi cha jiwe, na kalamu yake, akaandika mstari mzima wa vijiduara, kisha vijiti, kisha vijiti vyenye matumbo. Bi Zubeida akivitazama akiguna. Herufi gani hizi, hazina hata nukta? Na huyu mwanamke ana lipi la kunong'ona, ikiwa ni la heri?

Haukupita muda, Maalim Abdulghafur wa chuo cha Kurani akatuma mtu kusema kwamba Afaf sasa anauanza mstari wa alifu na be upande wa kushoto wa ubao, badala ya kulia. Na mchana wakijinyoosha kupumzika, mtoto akiwa usingizini, kidole chake kikawa kinamchora nyanyake mgongoni: kinashuka, kinazunguka, kinainuka. Wallahi, yule mama alikikamata kidole kile akakifumbata mpaka mtoto alipoamka.

Lakini kilichomtoa roho hasa ni bakuli. Somo likiisha, Mwikali huomba maji, Afaf akaiosha sleti kwa kitambaa mpaka maji yakawa ya kijivu, halafu hao, wawili wakatoka nayo uani. Kwa nini uani? Na kwa nini lazima waende wote wawili? Siku moja mtoto akarudi mdomo umelowa, ajifuta kwa mkono wa kanzu.

Sasa hebu fikirini nanyi. Katika nyumba ile mtu akiugua huandikiwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Kilichoandikwa kikaingia mwilini kufanya kazi yake. Afaf alipopatwa na surua, Bi Zubeida mwenyewe alimnywesha, na mtoto akainuka. Kwa hiyo hakuona haja ya kumuuliza mtu. Aha! Kumbe na wamisheni wana kombe lao! Wanamnywesha mjukuu wangu herufi zao mpaka zimjae!

Awadh hakuambiwa kitu. Kesho yake, waliposhika njia ya uani, Bi Zubeida akawafuata kwa miguu mitupu, akajibanza nyuma ya mlango. Akamwona Mwikali ameinama karibu na kichaka cha mwasumini, ameshika bakuli, na Afaf amelishika upande wa pili, mdomo umekaribia ukingo. Basi. Alikuwa ameona alichokuja kukiona.

"Leo nimekushika, mchawi mkubwa we! Wamnywesha nini mtoto?"

Mwikali akageuka. "Bi Zubeida, haya ni maji tu ya kuoshea..."

"Maji tu? Basi yanywe wewe! Yanywe yote nikuone, au nipige ukelele mtaa mzima uje!"

Mwikali akamtazama yule mama, akamtazama mtoto aliyekwisha kuanza kulia. Alijua vyema ukelele ule ungemletea nini mwanamke wa bara, peke yake, katika vichochoro vile. Akaliinua bakuli akanywa, maji na vumbi la jiwe na taka za kitambaa, mpaka tone la mwisho. Akakohoa, machozi yakamlengalenga.

"Nyanya, si yeye!" Afaf akapiga kelele. "Ni mimi ndiye ninayetaka kunywa! Yeye hukataa!"

"Wasemaje?"

"Si wewe uliniambia maandishi yakinywewa yakaa mwilini? Nami zile herufi nazisahau. Juzi nikayanywa kwa siri, na jana pia. Mwalimu yuwaniambia ni uchafu, nitaumwa na tumbo!"

"Na Afaf aliniambia maji ya maandishi hayamwagwi penye kupita miguu ya watu," Mwikali akasema. "Nikaona nifuate desturi ya nyumba. Ndiyo tukawa twayaleta hapa mwasuminini."

Lo! Bi Zubeida alikosa pa kuuweka uso wake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akapiga goti, akanyoosha mikono kwa mtoto.

"Njoo, mwanangu. Njoo kwa nyanya."

Afaf hakuja. Alijificha nyuma ya Mwikali, akazikamata nguo zake kwa mikono yote miwili, akachungulia kwa jicho moja, jicho la woga. Tangu azaliwe hakuwahi kumtazama nyanyake hivyo.

"Afaf. Ni mimi."

Mikono ya Bi Zubeida ikabaki imenyooshwa, haina kitu.

Mwikali akainama, akavibandua vile vidole kwenye nguo yake, kimoja kimoja, kwa upole.

"Nenda kwa nyanyako," akasema.

Na Afaf akaenda, kwa kuwa mwalimu wake amemwambia aende.