Gari Lisilokuwa Kwenye Ramani

Mtaani kwetu takataka haziwekwi chini. Ukiacha mfuko wako kando ya njia utatozwa faini, na kabla ya faini majirani watakusema mpaka utamani kuhama. Unashuka na mfuko mkononi, unasubiri gari la manjano lije na wimbo wake wa kinanda, unautupa mwenyewe, unarudi juu. Ndivyo tulivyolelewa hapa. Baba yangu, Chuang Huo-tu, amesahau mambo mengi, jina langu likiwemo, lakini wimbo ule haujamtoka. Anaweza kuwa amesinzia kitini mdomo wazi. Gari likiimba tu kule mbali, anainuka na kuanza kutafuta ndala zake.

Zamani watu walishuka mapema. Hakuna aliyejua kwa hakika gari lingefika saa ngapi, kwa hiyo tulisimama mbele ya duka la kinyozi lililofungwa, tukingoja. Watu walisengenyana pale, wakaulizana bei ya samaki, wakachungulia mifuko ya wenzao na kusutana kwa kuchanganya chupa na mabaki ya wali. Baba akianza kuchepuka kuelekea barabara kuu, mtu alimdaka mkono: "Mzee Huo-tu, wapi tena? Gari lenyewe halijafika!" Naye alirudi, akacheka, akasimama. Mtaa mzima ulimchunga na wala haukujua kwamba unafanya kazi.

Kisha halmashauri ya mji ikafungua takwimu zake. Kila gari la taka likafungwa kifaa cha kuonyesha lilipo, na yeyote akaruhusiwa kuzichukua takwimu hizo bure, azifanyie atakacho. Yi-chieh, binti wa ghorofa ya tatu katika jengo letu, anayeshinda na kompyuta yake na kula chakula cha asubuhi adhuhuri, akaunda ramani ya simu pamoja na marafiki zake bila kulipwa hata senti. Unaliona gari linatambaa mtaa kwa mtaa, unaambiwa limebakiza dakika ngapi kukufikia. Mwenyekiti wa mtaa, Kuo Chin-tsai, alitutangazia habari hiyo kwa kipaza sauti mpaka mbwa wakachoka kubweka. Tulifurahi sana, na sitadanganya, ni kitu kizuri. Nina magoti mabovu, ninaishi ghorofa ya tano, na jengo letu halina lifti.

Jioni ile mvua ilikuwa mvua ya kwetu, ile ya majira ya baridi isiyojua kukata. Baba alianza kuhangaika mlangoni mapema, kama kawaida yake, maana yeye bado alikuwa anaishi kwa saa za zamani. Nilimvalisha koti la mvua nikampa mfuko mdogo.

"Tangulia, baba. Nakuja sasa hivi."

"Usichelewe," akasema. "Watu wote wako chini."

Nilibaki jikoni nikikaanga kabichi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mchuzi wa soya. Ramani ilipoonyesha gari liko kituo cha jirani, nikazima jiko, nikachukua ndoo ya mabaki ya chakula nikashuka.

Baba hakuwepo.

Mbele ya duka la kinyozi hapakuwa na mtu hata mmoja. Kisha wimbo ukasikika kwenye kona, na milango yote ikafunguka kwa pamoja. Wakatoka wote, simu mkono mmoja, mfuko mkono mwingine.

"Mama Pao-chin, umemwona baba?" Huyu ndiye muuza supu wa kona, mwanamke ambaye zamani hakupitwa na kitu.

"Ndo kwanza nashuka, mwanangu. Si alikuwa nawe?"

"Alitangulia. Kaka Teng, wewe je?"

"Mimi? Nimetoka mlangoni sasa hivi, ulivyoniona ndivyo nilivyotoka."

Nilimwuliza kila aliyekuwepo. Nimetoka sasa hivi. Nimeshuka sasa hivi. Simu imeniambia dakika moja, nikashuka. Wengine walinijibu huku wakilikimbilia gari. Nikatazama sura zile zote nilizokua nazo. Baba yangu alikuwa amesimama peke yake kwenye mvua, mahali palipokuwa pamejaa watu miaka yote, na wakati anaondoka hapakuwa na jicho la kumwona.

Gari likaondoka. Watu wawili watatu waliahidi kutazamatazama, kisha milango ikafungwa. Ndoo yangu ilikuwa bado imejaa.

Nilikimbia hadi hekalu dogo la mungu wa ardhi, nikakimbia hadi kituo cha basi, nikaingia kila duka lenye taa. Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Polisi wa kituo chetu walinipokea vizuri, siwalaumu. Walisema watazitazama kamera moja baada ya nyingine, na kamera ni nyingi. "Kaa nyumbani, dada, pengine atarudi mwenyewe." Atarudi vipi mtu asiyejua nyumba yake ina rangi gani? Giza lilikuwa linaingia, baridi inapenya mifupa, na yeye miguuni ana ndala za plastiki.

Yi-chieh alishuka na nguo zake za kulalia, kompyuta kaifunika na mfuko wa plastiki. Tukaingia ofisini kwa mwenyekiti Kuo, kwenye ile meza yake ya chai. Ukutani nyuma yake limetundikwa tangazo lenye fremu: mtaa wetu wa kwanza mji mzima kwa magari ya taka kufika kwa wakati. Halmashauri huweka wazi orodha hiyo kila mwezi, na Kuo huisoma kama wengine wanavyosoma matokeo ya bahati nasibu.

"Shangazi, nimeshaandika tangazo kwenye ramani," Yi-chieh aliniambia. "Kila mwenye programu anaona picha ya mzee na namba yako."

"Wamejibu?"

Akanionyesha. Picha ndogo za mikono ya kuomba zilikuwa zinamiminika, moja juu ya nyingine. Pole sana. Mungu amlinde. Nikachungulia dirishani. Hapakuwa na mlango uliofunguka.

Yi-chieh akafungua kila alichoweza kufungua: picha za kamera za njia panda, mabasi, vipimo vya mvua, vipimo vya maji. Kisha akaropoka kabla hajajizuia.

"Mfereji wa nyuma ya kiwanda cha samaki umepanda. Unazidi kupanda."

"Unaniambia ya nini?" Nilimfokea mtoto wa watu. "Mnajua maji yamefika wapi! Mnajua uchafu wangu uko mtaa gani saa hii! Baba yangu yuko wapi? Hilo mbona hamlijui?"

Akaanza kulia, nami nikalia. Kuo akatumiminia chai ambayo hakuna aliyeigusa. Nilikuwa namwona baba mle majini, wazi kabisa, koti lake la mvua limemfunika uso. Nilijua nampoteza. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kizuri, kwenye ofisi yenye joto, na nampoteza.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu pekee ambacho bado humwinua kitini.

"Liiteni gari lirudi," nikasema.

Kuo akanitazama. "Gari gani?"

"La taka. Lipite kila kichochoro, liimbe. Akilisikia atatoka popote alipo."

"Dada Tsui-feng, nakuelewa, kweli. Lakini gari limeshamaliza njia yake, linaelekea kwenye tanuru la kuchomea taka. Likitoka nje ya njia mfumo unaliwekea alama nyekundu, na mji mzima unaiona kwenye orodha. Watu watapiga simu kulalamika. Nitaulizwa mimi, dereva ataulizwa, na mtaa utashuka..."

"Utashuka!" Nilisimama. "Utashuka mpaka wa pili, maskini! Basi kaa hapo, mwenyekiti. Kesho ukitundika tangazo jipya, tundika na picha ya baba yangu pembeni, watu wajue alikufa kwa wakati."

Kuo akawa mwekundu mpaka masikioni. Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, na sote watatu tulikuwa tunalijua hilo. Akachukua simu, akampigia dereva, akaanza kujiumauma kwa maneno ya ofisini. Nilimpokonya.

"Mimi ni binti wa Mzee Huo-tu wa pale kwa kinyozi. Amepotea kwenye mvua. Nakuomba urudi na wimbo wako."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za injini. Dereva alikuwa mwanamke anayeitwa A-lien.

"Yule anayenisalimia kila siku, 'umechelewa leo'?"

"Huyo huyo."

"Na mimi nimejaa mpaka juu, nimechoka, wanangu hawajala," akasema. Kisha nikasikia anakata kona. "Nageuza. Hao wenye mfumo waweke rangi wanayotaka."

Lilipoingia mtaani lilikuwa linakwenda taratibu, taa zake zinapepesa kwenye mvua, wimbo umefunguliwa mpaka mwisho. Ramani ya Yi-chieh huonyesha magari yaliyo kwenye ratiba tu, na saa hiyo haikuwa na gari lolote. Nikawaona watu wakichungulia madirishani, kisha wakitazama simu zao, kisha madirisha tena. Mlango wa kwanza ukafunguka. Wa pili. Mama Pao-chin akatoka na mwiko mkononi. "Hili gari limetoka wapi? Mbona simu haisemi?" Mwanamume mmoja alikuwa ametoka na mfuko mtupu, mikono yake ikifuata mazoea. Walitoka kila kichochoro, wamejifunika magazeti na taulo, wakaulizana, na kwa kuwa simu haikuwa na jibu ilibidi wasimame pale waulizane. Kuo akakimbilia kipaza sauti chake.

"Ndugu zangu, msirudi ndani! Mzee Chuang Huo-tu amepotea! Simameni hapo hapo mlipo, angalieni!"

Nilitembea kando ya gari, nimelishika ubavuni, maji ya taka yananichuruzikia mikononi. Kila kona ilikuwa na watu sasa. Nilikuwa nasikia jina la baba likiitwa kutoka vichochoro ambavyo sijui majina yake. Na bado hakuna kitu. Tukapita hekalu, hakuna kitu. Tukapita shule, hakuna kitu. A-lien alitoa kichwa dirishani akanitazama, na sikupenda alivyonitazama.

Tulipofika kiwanda cha samaki, wasichana wa zamu ya jioni walikuwa wametoka na aproni zao. Mmoja akapiga kelele huku akionyesha ngazi za mfereji.

Baba alikuwa anapanda. Alishika ukingo kwa mkono mmoja, mkono mwingine umebana ule mfuko kifuani. Maji yalikuwa yamemlowesha mpaka kiunoni na ndala moja imekwenda. Wale wasichana walimfikia kabla yangu, wakamvuta juu, mmoja akamfunika koti lake. Midomo yake ilikuwa ya bluu, lakini alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Umechelewa leo!" alimpigia kelele A-lien.

A-lien akazima wimbo, akashuka, akaja kuuchukua mfuko. Baba hakuuachia. Watu walikuwa wanafika mbio kutoka pande zote, wakatuzunguka, wanahema, na yeye akawa anawatazama mmoja mmoja. Uso ulianza kumlainika. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi watu wote walikuwa chini.

"Bado mmoja," akasema. "Binti yangu hajashuka. Nimemsubiri pale, nimemsubiri, simwoni. Nikaenda kumtafuta."

"Ukamtafuta kwenye mfereji, mzee?" Kuo aliuliza.

"Kila mahali. Hayupo. Gari lisiondoke kwanza."

Nilipenya katikati ya watu. Nilimshika mikono yote miwili, na ilikuwa ya baridi kiasi kwamba nilipiga yowe. "Baba, ni mimi. Tsui-feng. Nimeshuka, baba. Nipo hapa."

Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu wa mtaa mwingine. Akatazama mikono yangu iliyojaa uchafu, akaipapasa kidogo, kwa huruma.

"Hapana, mama," akasema. "Binti yangu huwahi."

Kisha akageuka, akauweka vizuri mfuko kifuani, akasimama kuningoja.